Sampo Niliyokataa Kuiona

Walionifuata tangu mwanzo wanajua nilipowaacha. Nimesimama nyuma ya pazia la jikoni kwangu, kikombe cha chai kimepoa mkononi, na mama mkwe sebuleni anatangaza kwamba anamchukua Anjela akakae naye Idodi likizo yote ya Juni. Nami nikajibu haya mama, kama mtu asiye na neno moyoni.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Sekela. Nauza spea za magari Mwanjelwa. Nimeolewa na Ezekia, huu mwaka wa kumi na moja, na mtoto ninaye mmoja tu, huyo Anjela, ana miaka saba. Wawili waliomtangulia niliwazika. Hayo nilikwishayasimulia na siyarudii.

Wiki zote hizi mmekuwa mkinionea huruma. Barua zinakuja, Sekela kaonewa, Sekela hana bahati, pole dada. Ngojeni kwanza. Leo nakiri, na nikimaliza kukiri mtaniambia kama pole zenu bado zipo.

Lazima nianze na baba mkwe.

Baba mkwe wangu ni Mnyakyusa wa kizamani. Alitoka Rungwe kijana, akaenda kuendesha magari upande wa Idodi, kwenye njia ya kwenda hifadhini, akazeekea huko huko. Na mtu akihamia ugenini huibeba mila ya kwao yote, haachi hata kijiko. Tukuyu kwenyewe siku hizi mkwe na mkamwana wanakaa meza moja wanapitishiana chumvi. Yeye hapana. Kwake mkamwana hamtazami mkwe, hasemi naye, hapiti alipopita. Akimsikia anakohoa njiani anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Naye mkwe hivyo hivyo, akisikia sauti ya mkamwana anageuza uso.

Na jina lake mkamwana halitaji. Miaka kumi na moja sijalitaja. Kanisani tukisoma habari za Mungu wa Ibrahimu, nikifika kwa yule mwanawe nameza mate, naibukia kwa Yakobo. Mtaani kwetu kuna mtoto anaitwa jina hilo hilo. Wenzangu wote wanamwita kwa jina lake, mimi namwita Wewe.

Leo litatajwa humu. Mtaona lilipotajwa.

Basi. Walikuja Mbeya kwa harusi ya shemeji yangu, na gari lao watu walilisikia kabla ya kuliona. Land Cruiser ya petroli, ya mwaka themanini na tatu, mzee anaipenda kuliko shamba. Ilianza kunguruma Igurusi, ikaingia mjini inanguruma. Shedrack, fundi ninayemwamini, alifungua boneti akasema manifodi ya ekzosi imepasuka. Kwa asiyejua, ni lile dude la chuma linalobanwa ubavuni mwa injini, linakusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba la nyuma. Likipasuka gari linapiga kelele, na moshi unatokea mbele badala ya nyuma.

Mwenzenu nikafurahi. Sitanii, nilifurahi kweli.

Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nayo dukani. Manifodi mpya, ya mabomba sita, inang'aa, imekaa juu ya rafu miaka mitatu bila mtu kuiulizia. Boksi lake limeandikwa miaka ya magari inayoingiana nayo, na themanini na tatu imo. Nikasema huyu Mungu kumbe ananikumbuka. Kwa miaka yote hiyo baba mkwe hakuwahi kupokea kitu kutoka kwangu. Chakula nikipika mimi anaambiwa kapika mama mkwe, ndipo anakula. Sweta nililomnunulia alipewa jirani. Na kule Idodi kulikuwa na maneno, kwamba mkamwana aliyezika wawili ana lake jambo. Nilitaka kitu changu kikae ndani ya gari lake, akiwasha asubuhi anisikie, ajue nyumbani kwa Ezekia kuna mtu.

Kwa hiyo sikuiuza. Nilitoa zawadi.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia.

Pale Mwanjelwa sisi wa spea tuna sheria moja, na aliyenifundisha ni Muhidini, mzee wa Kiislamu anayeuza spea za mtumba safu ya pili kutoka kwangu. Babu zake walitoka pwani na Kiswahili chake kinateleza mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Sheria yenyewe ni kwamba mteja aje na sampo. Usimuulize gari gani, usimuulize mwaka gani, mwambie alete kile kilichoharibika ukiweke mezani ukilinganishe na kipya, tundu kwa tundu. Gari la zamani ni kama bibi aliyeolewa mara nne, alizaliwa na jina moja na sasa ana jingine. Kadi inasema hivi, ndani kumewekwa vile.

Miaka minane ya kuuza spea sijawahi kuivunja sheria hiyo. Nikaja kuivunja kwa mtu wa kwangu.

Manifodi ya zamani ilikuwa gereji kwa Shedrack, hatua mia mbili kutoka dukani. Lakini juu yake alikuwa amekaa baba mkwe. Sisemi kwa mafumbo, alikuwa ameifunga kwenye gunia, ameiweka chini ya stuli, amekalia. Ana wasiwasi na mafundi wa mjini, anasema wanabadilisha vyuma vya watu. Chuma chake hakiendi popote bila yeye. Na yeye haendi dukani, kwa sababu dukani yupo mkamwana. Na mkamwana haendi gereji, kwa sababu gereji yupo mkwe.

Shedrack alikuja mbio kunipa shauri zuri tu. Aliniambia nitoke nusu saa, nikanywe chai kwa jirani, mzee aje na gunia lake, kijana wa duka alinganishe, mzee arudi, nami nirudi.

Nikakataa.

Nilimwambia nina wateja. Uongo. Wateja walikuwa wawili na mmoja anaulizia balbu. Ukweli ni kwamba niliona uchungu. Duka langu mwenyewe, zawadi yangu mwenyewe, halafu nitoke nikajifiche kama mwizi ili itolewe na kijana? Nikasema kama ni kupokea atapokea kutoka kwangu, hata kama ni kwa kupitia kwa fundi. Nikamwambia Shedrack anipigie picha kwa simu.

Picha ikaja. Mzee alikubali kulifungua gunia kidogo. Nikaikuza kwa vidole, nikaitazama. Matundu yamejaa masizi ya miaka, meusi, yamevimba pembeni, na mimi nikaona duara. Manifodi yangu ina matundu ya duara. Nikachukua na picha ya kadi ya gari aliyonitumia Ezekia, nikaona themanini na tatu, nikasoma boksi, themanini na tatu. Nikafunga hesabu hapo.

Manifodi ikaenda gereji. Saa tisa Shedrack akapiga simu.

"Mama Anjela, imeingia. Boliti zote zimekubali. Ila kuna kona zinachungulia."

Nikamuuliza kona gani. Akasema tundu la kwenye silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini inapobanwa manifodi, yeye analiona kama lina pembe, na manifodi yangu ni duara, kwa hiyo kila tundu pembe zinabaki nje kidogo. Gasketi, ile karatasi ya kuziba katikati, inafunika, lakini inafunika kwa shida. Akauliza kama naweza kuja kuangalia kwa macho yangu, dakika mbili tu.

Nilisimama na simu sikioni. Kutoka mlangoni kwangu bati la gereji yake naliona. Nilijua, msomaji. Sitaki uniambie sikujua. Mtu aliyeuza spea miaka minane akiambiwa duara imewekwa juu ya mraba anajua moshi utapitia wapi. Lakini kule kulikuwa na mzee ameshaambiwa kwamba manifodi imetoka kwa mkamwana wake, na Shedrack aliniambia amekubali. Amekubali, kwa mara ya kwanza. Ningetuma nini sasa, kwamba ing'olewe, Sekela kakosea?

Nikamwambia apake pembeni silikoni ya moto, ile gundi inayovumilia joto, akaze, gari likiwaka likinyamaza basi.

Likawaka. Likanyamaza. Shedrack akanisikilizisha kwenye simu, injini inapumua kama mtoto aliyelala.

Kisha nikaongeza na la kwangu, maana shetani akikupata hakuachi na moja. Nilikumbuka baridi ya Juni, upepo wa Makambako ule unaong'oa mabati, na Anjela kifua chake si kizuri. Nikamwambia Shedrack aitazame na hita ya gari, ile inayopuliza joto ndani. Ilikuwa imekufa miaka. Akaifufua jioni ile ile. Nilijisifu usiku mzima.

Jumamosi saa moja asubuhi waliondoka. Ezekia hakuwepo, alikuwa ameitwa Chunya mgodini, huko simu mpaka upande juu ya kifusi. Nilimfunga Anjela skafu, nikamtoa mpaka mlangoni, nikarudi nyuma ya pazia kwa sababu babu yake alikuwa nje. Gari likawashwa, kimya. Mama mkwe akarudi ndani kana kwamba kasahau kitu. Huyu mama jina lake Marta, na mnajua tulivyo mimi na yeye, wiki tatu nimewaandikia ugomvi wetu wa kuku. Akanishika mkono.

"Baba yako anasema ndaga," akaniambia.

Ndaga ni asante. Neno moja. Nililia nyuma ya pazia lile mpaka gari likapotea.

Saa tatu mama mkwe akapiga kutoka Chimala. Wamesimama, wamenunua mchele, jua linawaka, wamefungua vioo vyote. Akanieleza kwamba njia ya Uyole mpaka Igurusi kulikuwa na ukungu na baridi, walijifungia na kuwasha hita, lakini gari limewachafua roho. Anjela alitapika. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamgonga kama ana malaria. Sasa wako sawa, hewa ya Chimala imewatengeneza. Nikamwambia ampe mtoto ndimu alambe.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Ndimu. Niliambiwa ugonjwa wote, unaanza vipi na unaisha vipi, nikatoa dawa ya ndimu.

Nikaendelea na kazi. Nadhani hata niliimba.

Saa tano Muhidini akaja dukani. Alikuja taratibu, akanisalimu vizuri, akaketi kwenye debe langu la oili, akaanza habari zake za mbali kama kawaida yake. Ya kwamba asubuhi alikuwa Uyole kumsindikiza Saida, binti yake, na ameliona gari la mzee wake mmoja wa Idodi, mteja wa siku nyingi, linapita kimya kabisa, akashangaa maana gari lile analijua kwa kelele. Nikasema kwa maringo, hilo gari ni la baba mkwe wangu, na aliyelinyamazisha ni mimi.

Akanitazama. Akauliza nilimwekea manifodi ipi.

Nikamwonyesha boksi, bado lilikuwa sakafuni. Akalichukua, akalisogeza mbali na macho, akasoma. Akaliweka chini polepole.

"Sampo uliiona?"

Nikamwambia niliona picha, na kadi inasema themanini na tatu.

"Mama Anjela, bodi ndiyo ya themanini na tatu. Silinda hedi mimi ndiye niliyemuuzia, mwaka wa nne huu. Ya kwake ilipasuka kwa joto. Ile niliyompa ni ya gari la miaka ya mbele. Matundu yake ni mraba."

Baba mkwe hakunificha. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nisingeweza kumuuliza, na yeye asingeweza kuniambia, na Ezekia hajui bisibisi ina ncha gani. Kwenye gari lile mtu mmoja tu ndiye aliyejua habari zote, na mtu huyo nilikuwa namkimbia kwenye mahindi.

Muhidini akaendelea, sauti imeshuka. Akauliza kama madirisha yao mazima. Akauliza kama gari lina hita inayofanya kazi, kwa sababu hita ya magari yale inavuta hewa kutoka pale mbele, karibu na boneti, na moshi ukivuja ubavuni mwa injini ndio huo huo itakaouvuta na kuwapulizia miguuni. Na moshi wenyewe ukishapita kwenye hita husikii harufu kubwa. Unalaza tu.

"Si unajua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani?" akasema.

Nani asiyejua, Mbeya hii. Kila baridi tunazika. Mwaka juzi nyumba ya tatu kutoka kwangu walikutwa mume, mke na mgeni, wamelala vizuri na mablanketi yao, jiko katikati limeshakuwa jivu.

Sikumbuki nilivyoshika simu. Nikampigia mama mkwe. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Mama Marta ni mtu wa kupokea simu kabla haijalia mara mbili, hata akiwa kanisani. Nikapiga mara ya tatu. Ezekia nikampigia, yule dada wa mtandao akaniambia mteja hapatikani.

Muhidini naye alikuwa kwenye simu yake. Ana rafiki mwenye duka Makambako, jirani na kituo cha mafuta. Akamweleza gari, rangi, namba kwa kukisia. Rafiki akasema wamepita. Wameweka mafuta, mzee alibaki ameegemea usukani muda mrefu mpaka kijana wa pampu akamgongea kioo, kisha wakaondoka, robo saa sasa. Kuna upepo na manyunyu, akasema, vioo vya mbele wamevifunga mpaka juu.

Kutoka hapo mpaka Mafinga hakuna mtu ninayemjua. Misitu tu ya misonobari na malori.

Nikapiga simu kwa Shedrack. Alipokea akiwa chini ya gari, nikamsikia anavyotoka. Nilipomaliza kumweleza akasema kwamba jana alipokaa ndani kuijaribu hita alisikia kichwa kizito, akadhani ni njaa. Sikuwa na nafasi ya kumgombeza, na ningemgombeza kwa lipi, amri ya silikoni ilitoka kwangu. Nilimwomba kitu kimoja. Kwenye daftari lake la wateja kuna namba ya mzee.

Ndiyo, namba ya baba mkwe sikuwa nayo. Miaka kumi na moja, ningeitunza ya nini?

Akanisomea. Niliandika juu ya boksi la manifodi, mbio mbio mpaka ile saba ikawa kama moja. Muhidini akaniuliza kama nataka apige yeye. Nikafikiri. Mzee anamjua, lakini angeanza salamu, habari za Idodi, habari za mvua, Muhidini hawezi kumkatisha mtu mzima. Nikasema hapana. Nikapiga mwenyewe.

Ikapokelewa.

"Haloo." Sauti ilikuwa nzito, ya polepole.

"Shikamoo baba. Ni mimi, mama yake Anjela. Naomba simamisha..."

Ikakatwa.

Sikumlaumu saa ile na simlaumu sasa. Mtu wa heshima zake akisikia sauti ya mkamwana anageuza uso, na mtu anayeendesha gari angegeuza uso vipi zaidi ya hapo? Alinifanyia adabu. Mimi na yeye tulifundishwa kitabu kimoja.

"Piga tena," Muhidini akasema. "Piga, mama. Hizo ni roho za watu."

Nikapiga. Safari hii ilichukua muda, kisha nikasikia kitu kinaburuzwa, na sauti ndogo.

"Mama? Babu amesema niongee mimi."

Nikakaa sakafuni, pale pale kati ya betri na mikanda ya feni. Nikamuuliza amekaa wapi. Nyuma, akasema, kwenye dirisha bovu lisilopanda mpaka juu, upepo unamwingia sikioni. Nikalishukuru dirisha lile bovu. Nikamwambia amwambie babu asimamishe gari sasa hivi.

Nikamsikia anasema. Nikasikia na jibu la babu yake, maneno yanavutana kama ya mtu aliyekunywa.

"Babu anasema tutasimama Mafinga. Hapa kuna baridi."

"Anjela, shusha kioo chako chote. Halafu mwambie bibi ashushe cha kwake."

"Bibi amelala. Babu anasema tusifungue, bibi atapata baridi."

"Mwamshe."

Nilimsikia anaita, bibi, bibi, mwanzoni taratibu kwa adabu, halafu kwa nguvu. Dukani watu walikuwa wameshaanza kujaa. Mama muuza nguo wa mbele yangu, Mnyakyusa mwenzangu, alikuwa amesimama mlangoni na kitenge mdomoni.

"Mama," Anjela akasema. "Nimemfinya, haamki."

Nikamwambia asilie. Nikamwambia ajinyooshe kutoka kiti cha nyuma, aweke simu kwenye sikio la babu, aishikilie hapo hapo hata babu akitikisa kichwa. Asiseme ni mama. Aweke tu.

Nikasikia pumzi ya mtu mzima, karibu, kama amekaa pembeni yangu. Nilijua nikianza na baba atageuza uso tena. Nikianza na shikamoo atageuza uso. Kulikuwa na neno moja tu ambalo lingemfanya mzee yule ashtuke, kwa sababu kutoka kwangu lilikuwa tusi lisilofutika kwa faini yoyote ya mila.

"Isaka," nikasema.

Mama wa nguo akatoa sauti, kama ameungua.

"Isaka. Simamisha gari. Hita inakuua, wewe na Marta na mtoto. Manifodi niliyokupa si ya injini yako, nilijua nikanyamaza. Isaka, kanyaga breki."

Injini yake nilikuwa naisikia, laini, haina kelele hata kidogo, kazi ya mikono yangu. Nikahesabu pumzi zake tatu. Nikamsikia Anjela kwa mbali anasema babu, babu, lori.

Miaka kumi na moja nilikuwa nimengoja mzee yule aseme nami neno lolote, hata la kunifukuza.

"Mwanangu," akasema, "barabara siioni."